Yogati ya Maziwa ya Mbuzi Iliyogandishwa: Lishe Iliyomo na Inayopotea Njiani

Nimekuwa nikila yogati ya maziwa ya mbuzi iliyogandishwa kwa miezi kadhaa sasa, mara nyingine ya kununua na mara nyingine ya kutengeneza mwenyewe, na katika muda huo nimesoma maandishi ya makopo kwa makini kuliko nilivyowahi kusoma maandishi ya chakula chochote. Nilianza kwa sababu ya tumbo. Maziwa ya ng'ombe hunijaza gesi, na watu waliniambia kwamba ya mbuzi ni mepesi, na kwamba yakishafanywa yogati huwa mepesi zaidi. Waliyoniambia yana ukweli ndani yake, ila ukweli huo umechanganyika na maneno mengi ya kuuzia bidhaa, na ndiyo maana nimeona niandike tathmini hii. Hukumu yangu naitanguliza: hiki ni chakula kizuri cha maziwa kinapotengenezwa kama yogati kisha kikagandishwa, na ni peremende ya baridi kinapotengenezwa kama aiskrimu kisha kikapewa jina la yogati. Makopo ya aina zote mbili hukaa ndani ya friza moja, na kwa kuyatazama nje huwezi kuyatofautisha.

Ukilifungua kopo mara tu linapotoka kwenye friza, unakutana na uso mweupe pee, mweupe kuliko yogati yoyote ya maziwa ya ng'ombe. Weupe huo una maana yake. Mbuzi huigeuza karibu betakarotini yote ya majani anayokula kuwa vitamini A kabla haijafika kwenye maziwa, ilhali ule umanjano unaoonekana kwenye siagi ya ng'ombe ni betakarotini ambayo haikugeuzwa. Kijiko hakiingii mara moja. Kopo likikaa mezani kwa dakika kumi hivi, kingo zinalegea na kijiko kinachota tabaka jembamba linalojikunja lenyewe. Kinachotangulia mdomoni ni uchachu safi, utamu unafuata, na harufu ya mbuzi inakuja mwisho kabisa, karibu na koo, wakati yogati imeshayeyuka.

Harufu hiyo ndiyo inayowakimbiza wengi, kwa hiyo nitaieleza kidogo. Mafuta ya maziwa ya mbuzi yana kiasi kikubwa cha asidi tatu, yaani kaproiki, kapriliki na kapriki, ambazo majina yake yote yametokana na neno la Kilatini la mbuzi. Zikiwa zimefungamana ndani ya mafuta hazinuki sana. Zinapoachiliwa, kwa sababu maziwa yamekaa muda mrefu bila kupozwa au yamekorogwa kwa nguvu kabla ya kupashwa joto, ndipo harufu inapopanda. Kwa maneno mengine, yogati inayonuka beberu inakueleza jinsi maziwa yake yalivyotunzwa, na wala si sifa ambayo mbuzi hawezi kuiepuka. Aidha, ulimi na pua hufanya kazi kwa uvivu kwenye baridi, na kwa sababu hiyo naamini kwamba yogati iliyogandishwa ndiyo njia rahisi kuliko zote kwa mtu ambaye hajazoea maziwa ya mbuzi. Nimemwona mtu aliyekataa katakata glasi ya maziwa hayo akimaliza bakuli zima la yogati iliyogandishwa bila kusita.

Asidi hizo tatu pia ndizo msingi wa sifa moja ya kiafya inayotajwa sana. Kwa pamoja huchukua takriban asilimia 15 ya mafuta ya maziwa ya mbuzi, wakati kwenye maziwa ya ng'ombe hazifiki asilimia 10. Mwili huzishughulikia kwa njia fupi: hutoka kwenye utumbo na kwenda moja kwa moja kwenye ini kupitia damu, badala ya kuzunguka kwanza kwenye mishipa ya limfu kama yanavyofanya mafuta ya kawaida, na ndiyo maana mafuta ya aina hii hutumiwa kuwalisha wagonjwa ambao matumbo yao hayafyonzi mafuta vizuri. Hilo ni kweli. Lakini bakuli la gramu 150 la yogati iliyogandishwa lina gramu chache tu za mafuta, na sehemu ya hayo ndiyo yenye sifa hiyo, kwa hiyo anayedai kwamba bakuli hilo litakupunguzia mwili uzito amelibebesha mzigo lisiouweza.

Hoja ninayoiamini zaidi ni ya protini. Maziwa ya mbuzi yana kama gramu 3.6 za protini katika kila gramu 100, kiasi kinachozidi kidogo tu kile cha ng'ombe, lakini mpangilio wake ni tofauti. Mbuzi wengi hutoa kidogo sana aina moja ya kaseini, yaani protini kuu ya maziwa, inayoitwa alfa-S1, ambayo kwenye maziwa ya ng'ombe ipo kwa wingi, na matokeo yake ni kwamba maziwa yanapoganda tumboni hufanya mabonge madogo na laini ambayo vimeng'enya huyavunja upesi. Unaweza kuiona tofauti hiyo jikoni bila kifaa chochote. Yogati ya ng'ombe ukiichota inasimama kwenye kijiko, ilhali ya mbuzi, ikiwa haikuongezwa kitu, inateleza na kurudi bakulini kama uji mwepesi. Wanunuzi wengi huiona hali hiyo kuwa kasoro, na watengenezaji huificha kwa kuongeza unga wa maziwa au gamu. Hapa kugandisha kunasaidia kweli, kwa kuwa baridi inaipa yogati umbo ambalo protini yake peke yake haikuweza kuipa, bila kuhitaji kuongezwa kitu kingine.

Lazima niseme jambo hapa kwa uzito wote. Ulaini huo haumfai mtu mwenye mzio wa maziwa ya ng'ombe. Protini za mbuzi na za ng'ombe zinafanana kiasi kwamba watu wengi sana wenye mzio wa moja hudhurika na nyingine pia, na mzio wa maziwa unaweza kuziba njia ya hewa ndani ya dakika chache. Nimeona kopo lililoandikwa kwa herufi kubwa kuwa linawafaa "wasiopatana na maziwa", maneno yanayowachanganya watu wenye mzio na watu ambao miili yao haisagi laktosi, yaani sukari ya asili ya maziwa, na kwa maoni yangu maandishi ya namna hiyo ni ya hatari. Mwenye mzio asijaribu hata kijiko kimoja kabla ya kuongea na daktari wake.

Kwa upande wa laktosi, nilidhani mbuzi ndiye aliyeniponya gesi. Sivyo. Maziwa ya mbuzi yana takriban gramu 4.5 za laktosi katika kila gramu 100, na ya ng'ombe yana karibu gramu 4.8, tofauti ambayo tumbo langu lisingeitambua. Kinachosaidia ni uchachushaji wenyewe. Bakteria wawili wanaotengeneza yogati, Lactobacillus bulgaricus na Streptococcus thermophilus, hula sehemu ya laktosi wakati maziwa yanachacha, na walio hai huingia tumboni wakiwa na kimeng'enya chao, kikaendelea kuvunja laktosi ndani ya utumbo mwembamba. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya, ambayo imekataa madai mengi sana kuhusu bakteria wa vyakula, iliukubali ukweli huu mwaka 2010, kwa sharti kwamba yogati iwe na bakteria hai wasiopungua milioni 100 katika kila gramu. Kwa mtu kama mimi, basi, swali la kwanza kuhusu yogati yoyote ni kama bakteria wake wako hai.

Je, wanabaki hai baada ya kugandishwa? Baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri haiwaui wote. Huwalaza, na wengi huamka wakipata joto, ingawa idadi yao hupungua kadiri miezi inavyopita, na hupungua zaidi kila kopo linapoyeyuka na kugandishwa tena. Kinachowamaliza kabisa ni joto. Baadhi ya watengenezaji huichachusha yogati kisha wakaipasha joto ili ikae muda mrefu bila kuharibika, na wengine hawachachushi kitu kikubwa, bali huchanganya maziwa, sukari na kiasi kidogo cha yogati kwa ajili ya ladha. Nchini Marekani kuna alama ya hiari inayowekwa kwenye makopo kuonyesha kwamba bakteria wako hai, na kwa yogati iliyogandishwa kiwango chake ni milioni 10 kwa gramu siku ya kutengenezwa, yaani sehemu moja ya kumi ya kile kinachotakiwa kwa yogati ya kwenye jokofu la kawaida. Ukilinganisha na ile milioni 100 ya Ulaya, unaona kwamba hata kopo lenye alama huenda lisifikie kiwango kinachosaidia kusaga laktosi.

Kwa kuwa sina maabara, nilifanya jaribio ambalo yeyote anaweza kulifanya jikoni kwake. Nilichukua makopo mawili ya kampuni tofauti, yote ya yogati ya mbuzi isiyo na matunda, nikayeyusha vijiko viwili vya kila moja. Nikachemsha maziwa, nikayaacha yapoe hadi kidole kikaweza kuvumilia, nikayagawa katika mitungi miwili, nikatia kila mtungi yogati yake, nikaifunika kwa taulo nene na kuiacha usiku kucha. Asubuhi mtungi wa kwanza ulikuwa umeshika. Nilipouinamisha, maziwa yaliondoka ukingoni kwa kipande kimoja kinachotikisika, na juu yake palikuwa na maji kidogo ya rangi ya kijani hafifu. Mtungi wa pili ulikuwa maziwa vilevile, vuguvugu na matamu kidogo. Nilirudi kwenye kopo la pili nikaligeuza huku na huku hadi nikayapata maneno, kwa herufi ndogo karibu na tarehe ya mwisho wa matumizi, kwamba yogati ilipashwa joto baada ya kuchachushwa. Upande wa mbele wa kopo hilohilo ulisifu afya ya tumbo.

Jambo la pili linalopunguza thamani ya bidhaa hii ni sukari, na hapa hata watengenezaji waaminifu wanapata shida, kwa sababu sukari ina kazi mbili ambazo ni vigumu kuzitimiza kwa kitu kingine. Inarudisha utamu ambao baridi imeuzima, na inashusha kiwango cha joto ambacho maji huganda, hivyo yogati inabaki ya kuchoteka badala ya kuwa tofali la barafu. Makopo mengi niliyoyasoma yalikuwa na takriban gramu 20 za sukari katika kila gramu 100. Ukitoa gramu 4 hivi za laktosi ya maziwa yenyewe, zinabaki gramu 16 zilizoongezwa, na bakuli la gramu 150 linakuwa na gramu 24. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari za kuongezwa zisizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na linasema kushuka chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25, kuna faida zaidi. Bakuli moja, basi, linakaribia kumaliza kiwango hicho cha chini kabla hujala kitu kingine. Mgonjwa wa kisukari asidanganywe na neno yogati. Asome gramu, kisha aihesabu kama anavyohesabu aiskrimu.

Hesabu hiyo inavurugwa na hewa. Mashine za kugandisha huipuliza hewa ndani ya yogati ili iwe laini, na kwa sababu hiyo kopo la lita moja linaweza kuwa na uzito wa gramu 700 au pungufu. Nililinganisha makopo mawili ya ujazo sawa kwenye mizani na tofauti ilikuwa ya kushangaza mkononi hata kabla ya kusoma namba. Ndiyo maana ninapima kwa gramu na kupuuza mililita, maana kalsiamu na protini haziko kwenye hewa.

Madini ndiyo sehemu ninayoisifu bila wasiwasi. Maziwa ya mbuzi yana takriban miligramu 134 za kalsiamu katika kila gramu 100, dhidi ya 113 za ng'ombe, na takriban miligramu 204 za potasiamu, na baridi haiyagusi madini hata kidogo. Mtu mzima anahitaji kama miligramu 1,000 za kalsiamu kwa siku, kwa hiyo bakuli la gramu 150 la yogati ya mbuzi halisi linatoa karibu sehemu moja ya tano ya mahitaji hayo, na hupungua kadiri sukari na matunda vinavyochukua nafasi ya maziwa. Wenye ugonjwa wa figo waliozuiwa potasiamu na fosforasi wanapaswa kukumbuka kwamba zote mbili zimo humu kwa wingi.

Kwenye vitamini kuna pengo ambalo watangazaji hawalitaji. Maziwa ya mbuzi ni maskini wa folati, yakiwa na takriban mikrogramu 1 kwa gramu 100 wakati ya ng'ombe yana 5, na ni maskini wa vitamini B12 pia. Kwa mtu mzima anayekula mboga za majani na kunde hilo si tatizo. Kwa mtoto mchanga anayelishwa maziwa ya mbuzi peke yake ni tatizo kubwa, kwani huweza kupata upungufu wa damu, hali ambayo madaktari wameijua kwa muda mrefu kiasi cha kuipa jina la mbuzi. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe bidhaa hii, zaidi tena ile iliyotiwa asali, ambayo kwa umri huo ina hatari yake nyingine ya sumu ya botulizimu.

Kuna wanaotafuta yogati ya mbuzi iliyotengenezwa kwa maziwa mabichi wakiamini kwamba joto linaharibu uhai wake, na wengine hudhani kwamba kugandisha kunaua vijidudu. Kisiwa cha Malta kinatoa jibu. Mwaka 1887 daktari wa jeshi la Uingereza, David Bruce, alimtambua bakteria aliyekuwa akiwasababishia askari homa ya muda mrefu huko, na mwaka 1905 Themistocles Zammit akagundua kwamba bakteria huyo alikuwa akitoka kwa mbuzi waliokuwa wakionekana wazima kabisa. Ugonjwa huo, brusela, bado upo, na bakteria wake haogopi friza. Maziwa yapashwe joto kwanza, nyuzi 72 kwa sekunde 15 au nyuzi 63 kwa nusu saa, kisha ndipo bakteria wazuri watiwe. Mpangilio huo unatupa usalama na uhai kwa pamoja, na kopo lisilosema kwamba maziwa yake yalipasturishwa mimi silinunui.

Nyumbani nilifikia mchanganyiko ninaoupenda kuliko wowote wa dukani, ingawa ulinichukua majaribio manne. Nayapasha maziwa hadi nyuzi 85 na kuyashikilia hapo kwa nusu saa, kwa sababu joto hilo hufungua protini za maji ya maziwa na kuifanya yogati ishike vizuri zaidi. Yakishuka hadi nyuzi 43 natia kimea, yaani ile mbegu ya bakteria, nayaacha saa saba au nane, kisha naichuja yogati kwa kitambaa kwa saa nne ili maji yapungue, maana maji ndiyo yanayogeuka chembe za barafu. Natia sukari nusu ya ile ya viwandani. Matokeo yake ni magumu kidogo, yanahitaji dakika ishirini mezani kabla ya kuliwa, na uchachu wake ni mkali. Jirani mmoja aliniambia ni chachu mno. Mimi naona ndivyo yogati inavyopaswa kuwa.

Kwa anayenunua, nitaongeza jambo moja tu linalohusu usafirishaji. Kopo moja nililoletewa nyumbani lilikuwa na theluji nene chini ya kifuniko, na yogati ilikuwa imejitenga na ukuta wa kopo, ikikwaruza ulimi kama chumvi ya mawe. Iliyeyuka njiani ikagandishwa tena, na aliyenihudumia hakukubali kuirudisha. Tangu siku hiyo nalitikisa kopo kabla ya kulipa. Likigonga ndani kama kitu kilicholegea, nalirudisha friza.

Kopo lililoshikisha maziwa usiku ule ndilo ninaloendelea kulinunua. Nakula bakuli dogo mara mbili au tatu kwa wiki, baada ya chakula badala ya mahali pa chakula, na tumbo langu limetulia. Kila ninapofika mwisho wa kopo, naacha vijiko viwili chini, nalifunga vizuri na kulirudisha kwenye friza, viwe kimea cha yogati nitakayotengeneza mwenyewe mwisho wa wiki.